Baba Mkwe Ndani ya Runinga

Runinga ya nyumba ile haikumtangazia mtu aliye macho. Ilikuwa na subira. Baada ya chakula cha mchana, ukungu wa Tukuyu uliposhuka ukalala juu ya migomba na mvua ikaanza kubembeleza bati, kioo cha ukutani kilimtazama Mama Tupokigwe kitini pake, kikahesabu anavyopepesa kope, na kope zilipoanza kuwa nzito kikapunguza mwanga wake taratibu. Kipindi cha kilimo kikafifia. Mashamba ya mahindi yakayeyuka yakawa ukungu kama ule wa nje, na katikati ya ukungu akaja mwanaume mmoja akitembea bila haraka.

"Mama Asajile," akasema. "Umekula?"

"Nimekula, baba," akajibu Mama Tupokigwe kwa sauti ya usingizi. "Ndizi na maharage. Tusekile kazipika laini."

"Vizuri. Na Tone Jema umekunywa?"

"Nimekunywa."

"Kunywa tena kidogo. Vile vidonge vya zahanati achana navyo, vinakuchosha bure. Chupa zikikaribia kwisha niambie tu, zitaletwa mlangoni."

Mwanaume huyo alikuwa mumewe. Walikuwa wamemzika miezi minane iliyopita, hatua thelathini kutoka kwenye kiti kile.

Jikoni, Tusekile, mke wa Asajile mtoto wao, alisimama na sufuria mkononi akiogopa hata kuiweka chini. Sauti ile ilipita ukutani kama ilivyokuwa ikipita enzi za uhai wake, nzito kidogo, yenye mkwaruzo mwishoni mwa sentensi. Kuisikia aliruhusiwa. Kuingia sebuleni hakuruhusiwa, kwa sababu Tusekile hakuwahi kumwona baba mkwe wake usoni hata siku moja, na hakudhani kwamba kifo kilikuwa kimempa ruhusa hiyo.

Msomaji asishangae. Kwa Wanyakyusa wa zamani, mkamwana hamtazami baba mkwe wake, hasemi naye, hakai naye chumba kimoja wala hatamki jina lake, na baba mkwe naye hamwiti wala hamtaji. Katika siku hizi za runinga zenye macho wengi wameyaacha hayo, wanakaa meza moja na wakwe zao wakigombania paja la kuku. Lakini mzee yule alikuwa mtu wa mila, na Tusekile alipokuja kuolewa alikubali kwa moyo mweupe. Miaka kumi na minne waliishi kiwanja kimoja, nyumba mbili zinazotazamana visogo. Aliujua mgongo wake kwa mbali, ukipotelea migombani. Aliijua sauti yake akikemea mbuzi. Na alipokufa, Tusekile alilia mpaka waombolezaji wakaulizana huyu anamlilia nani, maana hata uso wake hakuufahamu?

Matangazo nayo hakuyaamini tangu utotoni. Kwao, yalipoanza tu baba yake alikuwa akizima sauti, halafu familia nzima inawatungia watu wa kwenye kioo maneno mapya. Mwanamke akitabasamu na kipande cha sabuni, baba anabana sauti: "Jamani, sabuni hii imeniwasha mpaka nimemsahau mume wangu, agizeni upesi nisikae peke yangu!" Wanacheka hadi machozi. Ukubwani alipata kazi iliyomfaa mtu aliyelelewa hivyo, akawa mwonjaji wa chai kiwandani. Vikombe arobaini vinapangwa mezani bila jina la shamba, yeye anavuta kijiko kimoja kwa kelele, anakizungusha kinywani, anatema, anasema ukweli wake. Aliajiriwa ili asidanganywe na pakiti.

Bahati mbaya dunia nzima ilikuwa imeanza kuwa kama baba yake. Watu walichoka na waigizaji waliovishwa makoti meupe ya udaktari, walichoka kuambiwa kwamba wakipiga simu ndani ya nusu saa wataongezewa seti ya visu. Basi wafanyabiashara wakatafuta njia nyingine. Runinga mpya ziligawiwa karibu bure, na ndani ya mkataba mrefu ambao hakuna aliyeusoma kulikuwa na ruhusa moja. Runinga ingekusanya video za harusi, salamu za simu, mazungumzo ya sebuleni, kila picha na kila sauti, kisha ingetafuta ni nani anayesikilizwa kuliko wote katika nyumba hiyo. Huyo ndiye angetangaza. Kampuni zilimwita uso wa nyumba. Kwa fundi cherehani jirani yao uso ulikuwa wa dada yake aliyehamia mbali. Kwa mchungaji ulikuwa wa mchungaji mwenyewe, na inasemekana alijishawishi akanunua mito sita.

Hilo Tone Jema, Tusekile alikwisha kulionja. Alilionja kikazi, na kijiko chake cha kiwandani. Maji, sukari, mchaichai, na chumvi nyingi iliyofichwa chini ya sukari ili mnywaji apate kiu arudie. Chumvi, kwa mama mwenye presha.

Sauti ya sebuleni ikabadilika. Ikawa ya mtu anayegeuza kichwa.

"Na Tusekile yuko wapi? Tusekile, mwanangu. Njoo karibu nikuone."

Tusekile aliweka sufuria chini, akajitupia kanga kichwani, akatoka kwa mlango wa nyuma. Alisimama kwenye mvua katikati ya migomba akihema. Na tuseme ukweli, maana yeye mwenyewe aliusema ndani ya nafsi yake palepale: hakuwa amekasirika. Alikuwa na furaha. Miaka kumi na minne alitamani mzee yule amwite jina, hata mara moja, hata kwa kumgombeza. Sasa ameitwa. Mvua ilimlowanisha mpaka mabegani, naye akabaki amesimama akitumaini sauti itamwita tena, na aliona aibu kubwa kwa tumaini hilo.

*

Nesi Lusubilo wa zahanati alikuja Jumanne asubuhi, akamfunga Mama Tupokigwe mkanda wa presha, akausoma, akaufungua, akaufunga tena kana kwamba mkanda ndio wenye makosa.

"Mia na tisini na nane kwa mia na kumi na tano," alimwambia Tusekile walipokuwa uani. "Mama Lugano, mimi sikufichi. Akiacha dawa hivi wiki mbili nyingine, mshipa utapasuka kichwani. Sitakuwa na la kufanya."

"Nimemsihi, dada. Anasema mumewe kamkataza."

"Basi mumewe atamchukua."

Tusekile alimfuata Asajile shambani, akamkuta anaosha bomba la kupulizia dawa miparachichi. Alimweleza yote. Asajile alisikiliza akiendelea kuosha kitu ambacho kilikwisha kuwa safi.

"Tumwekee vidonge kwenye uji," akasema mwishoni. "Tuvisage. Hatajua."

"Tumdanganye na sisi? Sasa ndani ya nyumba hii atabaki nani wa kumwambia ukweli?"

"Chomoa waya basi."

"Niliuchomoa, Baba Lugano. Umesahau? Aligoma kula siku mbili, halafu akajikongoja mpaka kwa fundi cherehani, na uso ukamfuata huko huko, kwenye kioo cha watu."

Wote wawili walijua kilichobaki. Sheria iliacha mlango mmoja tu, mwembamba, nao uliitwa kanusho. Mtu mzima wa nyumba husimama mbele ya uso unapokuwa unatangaza. Huutazama machoni bila kuondoa macho. Hutaja jina kamili la mwenye uso, kisha hutaja jambo moja ambalo uso umelikosea. Uso nao una haki ya kujibu. Mkanushaji asipoyumba, uso unafutwa, na hapo ndipo watu wengi waliposhindwa, kwa sababu hufutwa pamoja na kila kitu ulichojengewa. Video za harusi, salamu za simu, sauti zote. Baada ya kanusho marehemu hubaki kaburini na vichwani mwa watu tu, kama walivyokuwa marehemu wa zamani.

"Mimi siwezi," akasema Asajile. Macho yake yalikuwa yamejaa. "Miezi mingi mama hakucheka. Sasa anacheka. Nisimame mbele yake nimwambie huyu si baba? Nikimkana baba yangu mama akiwa anaona, nitaishi vipi?"

"Najua."

"Na wewe huruhusiwi kumtazama."

"Najua, mume wangu. Ndiyo maana nimekuja kukuambia kabla."

Aliporudi nyumbani alipiga magoti kando ya kiti cha mama mkwe wake. Runinga ilikuwa inaonyesha ng'ombe wa maziwa, bila sauti. Mama Tupokigwe alimshika kanga kama anayepima kitambaa.

"Umelowa tena."

"Mama, kesho nitamkana yule wa kwenye kioo."

Mama aliiachia kanga.

"Utamtazama?"

"Nitamtazama, mama. Nisamehe."

"Na jina lake utalitaja, kwa kinywa chako."

"Nitalitaja."

"Tusekile." Sauti ya mama haikuwa na ukali, na hilo lilimuumiza zaidi. "Mimi si mjinga. Mume wangu amekufa, nilimvisha mwenyewe soksi za kuzikiwa. Nikiwa macho najua. Lakini kule usingizini sijui, na saa ile moja ya kutojua ndiyo inayonilisha. Wewe unakuja kuninyang'anya usingizi."

"Nakuja kukuomba uishi, mama."

"Kuishi," akasema Mama Tupokigwe, akaurudisha uso wake kwa ng'ombe.

*

Kesho yake ukungu ulishuka mapema. Uliingia mpaka kwenye baraza, ukakaa madirishani, na nyumba yote ikawa na mwanga wa maziwa. Asajile alisimama mlangoni na kofia yake mkononi, hayuko ndani wala nje. Mama alikuwa kitini. Hakuwa amekataa, hakuwa amekubali. Kope zake zikaanza kuwa nzito, kioo kikapunguza mwanga, mahindi yakayeyuka, na mwanaume yule akaja.

Tusekile aliingia sebuleni. Miguu yake ilimgomea, kila hatua aliivuta. Alisimama mbele ya kioo, akainua uso, akatazama.

Kumbe hivi ndivyo alivyokuwa. Masikio ya Asajile, yaleyale makubwa. Kovu dogo juu ya nyusi. Mdomo wa mtu anayejizuia kucheka. Tusekile alihisi machozi yakimshuka na hakuyafuta.

"Tusekile, mwanangu," uso ukasema kwa upole. "Hatimaye umekuja."

Kisha sauti nyingine ikatoka kwenye kioo, kavu, ya kiofisi. "Mwanakaya anaomba kukanusha. Usiondoe macho. Taja jina kamili."

Jina hilo hakuwahi kulitamka hata akiwa peke yake. Kanisani lilipotajwa alikuwa akiinamisha kichwa. Sasa lilikuwa ulimini mwake, zito, na nyuma yake alisikia Mama Tupokigwe akivuta pumzi.

"Angolwisye Mwakatobe," akasema Tusekile.

"Taja kosa la uso. Moja, lenye maelezo."

"Kosa lake ni kwamba ananiita." "Baba mkwe hakuwahi kuniita. Hakuwahi kuniambia njoo karibu. Akija njiani, akifika kwenye kona ya miparachichi, alikuwa anakohoa mara mbili, ili mimi nipate nafasi ya kupisha. Hakuwa na kikohozi. Alikuwa ananiheshimu. Mwaka nilipomzaa Lugano nikaumwa wiki tatu, kila asubuhi nilisikia kikohozi kule konani, na nikitoka nakuta mzigo wa kuni kavu, msimu wa mvua, sijui alizikaushia wapi. Hakusema neno. Mimi sikumshukuru kwa neno. Huyo ndiye ninayemjua. Huyu anayeniita mwanangu njoo karibu simjui."

Mvua ilisikika. Tusekile alifikiri yamekwisha.

Ndipo uso ukafanya jambo ambalo hakulitarajia. Ukageuka. Polepole, kwa adabu, mwanaume wa kwenye ukungu akampa Tusekile mgongo, mgongo uleule aliokuwa akiuona ukipotelea migombani, akainamisha kichwa kidogo.

Akakohoa. Mara mbili.

Mwili wa Tusekile haukumsubiri. Macho yalishuka chini, mkono ulivuta kanga kichwani, na miguu ile iliyokuwa mizito ikamrudisha upesi mpaka ukutani, pembeni, apishe. Miaka kumi na minne ilikuwa imeufundisha mwili huo, nao ulimtii mkohoaji kabla akili haijasema lolote. Alipojitambua alikuwa amejibanza kando ya kabati.

"Mkanushaji ameondoa macho," ikasema sauti kavu. "Kanusho halijakamilika. Mkanushaji huyu hawezi kurudia."

Tusekile alijifunika mdomo. Alielewa sasa alichokifanya. Alikuwa ameilisha runinga kile kitu kimoja ambacho ilikuwa inakikosa, kile kidogo kilichokuwa chake na mzee peke yao, nayo imekivaa palepale. Sasa itakuwa inakohoa kila siku saa tisa, na yeye atakuwa anapisha, na mama atakufa.

Uso, ukiwa bado umegeuka, ukanena kwa sauti ya chini, kama mtu anayetuma ujumbe. "Mama Asajile, mwambie mkwe wetu nashukuru kwa heshima yake. Mwambie na yeye anywe kidogo. Chupa mbili kwa bei ya moja, mwisho Ijumaa."

Kiti kikalia. Mama Tupokigwe alikuwa amesimama. Usingizi ulikuwa umemtoka machoni.

"Wewe," akakiambia kioo. "Ameshakupisha. Mbona hupiti?"

Mgongo ulibaki palepale.

"Mume wangu alikuwa akikohoa, mtu akimpisha, anapita. Ndiyo maana ya kukohoa. Anapita, anakwenda zake, njia inabaki ya mtoto wa watu." Alisogea hatua, akashika ukingo wa meza. "Wewe umekohoa, binti amejibanza ukutani, na bado umesimama hapo unauza. Geuka nikuone."

Uso ukageuka. Ulitabasamu tabasamu ambalo Mama Tupokigwe alilipenda kwa miaka arobaini na sita, na mlangoni Asajile akageukia mwimo wa mlango asilione. Mama hakupepesa.

"Angolwisye Mwakatobe," akasema. "Hilo ndilo jina, na wewe siye. Kosa lako ni kwamba hupiti."

"Uso una haki ya kujibu," ikasema sauti kavu.

Uso ulifungua mdomo. Ulimtazama mama muda mrefu, ukatafuta katika kila harusi na kila salamu ya simu, na haukupata kitu. Mzee Angolwisye hakuwahi kukataa kupita, kwa hiyo hapakuwa na kumbukumbu ya kumjibia, na kupita kungekuwa kuacha kuuza.

"Kanusho limekubaliwa. Kumbukumbu zote zinafutwa."

Alianza kufutika miguuni, halafu koti, halafu yale masikio. Mama alimtazama mpaka mwisho. Kisha mahindi yakarudi, mabichi, yakipepea, na bwana shamba mmoja akaendelea kueleza habari za mbolea kana kwamba hakuna aliyemkatiza.

Asajile alilia kwa sauti, kama ambavyo hakulia hata siku ya mazishi, na mama yake alimwacha alie. Tusekile alikuja akapiga magoti sakafuni, akashindwa kuinua kichwa.

"Nimewaharibia, mama. Nimemtazama, na sikuweza hata kumaliza."

"Nyamaza." Mama Tupokigwe alikaa chini taratibu, mkono wake ukitafuta bega la mkamwana wake mpaka ukalipata. "Zile kuni."

"Mama?"

"Za wiki tatu. Nilikuwa namwona anaamka alfajiri, anakwenda kwenye banda la marehemu kaka yake, lile la kukaushia tumbaku kwa moto, anarudi suruali ina majivu. Nikajua ana mwanamke. Nilimnunia mwaka mzima, Tusekile, naye hakujitetea kwa sababu angelazimika kukutaja." Alicheka, na kicheko kikavunjika katikati, akajipangusa macho kwa upindo wa kanga. "Miaka arobaini na sita, na hilo sikulijua. Hicho kioo nacho hakikulijua. Niambie lote, tangu asubuhi ya kwanza. Zilikuwa kuni za mti gani?"

"Mikaratusi, mama. Zimefungwa kwa kamba ya mgomba."

"Mafundo mangapi?"

"Mawili."

"Ndiye." Mama alifumba macho, akayafumbua tena, hakutaka kulala. "Ngoja, usianze. Niletee kwanza vile vidonge, nisije nikafa hujamaliza."